Ujuzi wa aliyeugua ni nini?

Ujuzi wa aliyeugua ni yale anayoyajua mtu kuhusu ugonjwa wa akili kwa kuwa umempata yeye mwenyewe: ulivyomwanza, dawa zinavyomfanya mwilini, watu walivyombadilikia. Ujuzi wa mtaalamu hutoka darasani na wodini, kwa wagonjwa wengi. Kuunganisha ujuzi huu wa aina mbili ni pale maneno ya mgonjwa yanapobadilisha tiba. Akiachwa aseme, kisha cheti cha dawa kikaandikwa vilevile, hapo hakuna kilichounganishwa.

Chukulia fundi cherehani wa Mwanjelwa, Mbeya, anayesikia sauti wasizozisikia wengine. Amepewa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti hizo. Kliniki wanaona vidonge vinabaki, wanaandika kwenye faili: hafuati dawa. Muulize mwenyewe, atakunyoshea mkono uone unavyotetemeka. Uzi hauingii kwenye tundu la sindano, na gauni la mteja liko mezani wiki ya pili. Daktari anajua chanzo: dawa hiyo huzuia kazi ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, sauti zikatulia, lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayosaidia viungo kwenda sawa. Anajua pia kuwa dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Habari ya sindano ndiyo hakuwa nayo. Na fundi ana lingine: kabla sauti hazijarudi, hukosa usingizi siku mbili, akaanza kufagia uwanja saa nane za usiku kwenye baridi ya Juni.

Huku nyanda za juu kusini mgonjwa huja kliniki na ndugu, na mara nyingi ndugu ndiye msemaji. "Shikamoo daktari. Huyu halali, anatusumbua sana." Mwenyewe amekaa pembeni, kajifunika kitenge, anasikiliza habari zake. Ndugu naye ana haki ya kusikilizwa, maana ndiye anayekesha, ila ujuzi wake ni wa muuguzaji. Kwangu mimi, hapa ndipo mengi yanapopotea, na inauma.

Kuna waliojaliwa vyote viwili. Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebobea katika ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, alitangaza mwaka 1995 kwamba yeye mwenyewe anaugua. Alikiri pia kuwa aliwahi kuacha kumeza lithiamu, dawa ya ugonjwa huo, na kitabuni alishasoma kila kitu. Kwa hiyo fundi wetu hakuwa mkaidi wala mjinga.

Tahadhari moja: aliyepona bila dawa asimshauri mwenzake atupe vidonge. Anaujua mwili wake, wa mwenzake haujui.

Turudi kwa fundi. Dozi inapunguzwa, na kwenye faili, chini ya yale maneno "hafuati dawa", muuguzi anaandika aliyotajiwa na fundi mwenyewe: "Nikikosa usingizi siku mbili, nileteni, msisubiri sauti."