Ziwa ni kubwa, ndiyo. Lakini halijisafishi

Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kijana mmoja alikuwa ameingiza pikipiki majini hadi magurudumu yamezama nusu, anaiosha, na oili chafu inatambaa juu ya maji kuelekea walikoegeshwa mitumbwi ya dagaa. Nikamsalimia, tukaulizana hali, nikamwomba aitoe nchi kavu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Bwana mazingira, ziwa lote hili? Linajisafisha lenyewe." Mama aliyekuwa anachota maji ya kunywa hatua kumi kutoka pale akadakia: "Ni kweli mwanangu, si unayaona yalivyo meupe?"

Maneno hayo nimeyasikia Katonga, nimeyasikia Ujiji, nimeyasikia kwenye vikao vya mtaa, na mara moja nimeambiwa na mtu mwenye shahada aliyekuwa anaomba kibali cha kujenga. Nimechoka kuyajibu kwa dakika mbili nikiwa nimesimama kwenye mchanga. Leo nayajibu kwa kirefu.

Ukubwa haubishaniwi. Tanganyika lina urefu wa kama kilomita 670 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal la Urusi. Lakini jiulize huo ukubwa uko wapi. Uko chini, gizani. Hewa ya oksijeni inashuka mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea uko upande gani wa ziwa. Kutoka hapo kwenda chini hakuna samaki, kuna maji yenye gesi inayonuka kama yai viza. Maji ya juu yana joto, ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi na hayachanganyiki nayo kirahisi. Upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini mashariki, Mei hadi Septemba, unayasukuma, na kazi yake kubwa inaonekana kule kusini, upande wa Zambia. Kwa hiyo uchafu wako wa Kibirizi haukabidhiwi mita 1,470 za maji. Unakaa kwenye utepe mwembamba wa ufukweni, na utepe huohuo ndiko tunakochota, ndiko watoto wanakoogelea, ndiko samaki wa kwenye mawe wanakotagia.

Sasa hili la kujisafisha, na hapa naomba tuelewane vizuri. Mto hujisafisha kiasi kwa sababu maji yake yanaondoka. Ya Tanganyika yanaondoka kwenda wapi? Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie ng'ambo ya Kongo, na unatoa kidogo. Sehemu kubwa ya maji yanayotoka ziwani hutoka kwa mvuke. Mvuke haubebi oili, haubebi sabuni, haubebi mbolea. Weka mchuzi jikoni, usahau kuupunguza moto: maji yanapungua, chumvi inabaki palepale, na mchuzi unazidi kuwa mkali. Ziwa letu linatoa maji kwa namna hiyo, tofauti ni kwamba mvua na mito inayajazia. Wataalamu wanakadiria kwamba tone la maji hukaa humu kama miaka 440 kwa wastani. Ukiacha mvuke, ukahesabu mto peke yake, kubadilisha maji ya bonde hili kunachukua takribani miaka 7,000. Kwa hiyo mtu akiniambia "linajisafisha", namuuliza: kwa muda gani, na wewe utakunywa nini wakati unasubiri?

Kuna vitu vinavyooza na kuisha, sikatai. Kinyesi huliwa na vijidudu, jua linaua bakteria wengi wa juu juu. Tope haliozi, na tope ndilo linaloninyima usingizi kuliko oili ya pikipiki, ingawa hakuna anayenipigia simu kunilalamikia tope.

Vilima vya pwani hii vimelimwa mihogo na maharage hadi kwenye vilele. Mvua za kwanza zikipiga, udongo mwekundu unateremka na vijito, na mto Luiche unaingia ziwani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Siku mbili tatu baadaye ukikaa kwenye mtumbwi unauona mstari: huku bluu, huku kahawia, kama vitambaa viwili vimeshonwa pamoja. Mstari ukipotea watu wanasema ziwa limejisafisha. Halijajisafisha. Tope limezama, basi.

Nilichukua mawe mawili mwaka jana, yote kwenye maji ya magotini. La kwanza nililitoa kwenye ufukwe ambao kilima chake bado kina miti. Lilikuwa la kijani, linateleza, konokono wadogo watano wameling'ang'ania, na ukilitazama jua likiwa pembeni unaona mikwaruzo midogo midogo ya midomo ya samaki waliokuwa wanakula mwani. La pili nililitoa chini ya mashamba. Lilikuwa na vumbi laini la udongo kama mahameli, hakuna konokono hata mmoja. Nikapitisha kidole, kikaacha mstari, na chini ya mstari jiwe lilikuwa safi, tupu. Mwani uliofunikwa na udongo haupati mwanga, samaki akiung'ata anajaza mchanga mdomoni. Samaki wengi wa mawe wa humu hawapatikani ziwa lingine lolote duniani, na jiwe ndilo shamba lao na ndilo nyumba yao. Mawe yote mawili nilikwenda nayo kwenye kikao cha kijiji. Nimetoa mada nyingi kwa maneno, hakuna iliyosikilizwa kama yale mawe.

Na wewe mama yangu unayesema maji ni meupe: weupe unakuonyesha kwamba hakuna tope, haukuonyeshi kwamba hakuna kinyesi. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. koli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, na mililita 100 zenye mamia yao zinang'aa kama kioo. Mei 2015 kule Kagunga, kaskazini mwa Gombe karibu na mpaka wa Burundi, maelfu ya wakimbizi walikusanyika ufukweni, na kipindupindu kikaua watu mbele ya ziwa hilihili, na ukubwa wake wote.

Kwenye sampuli za maji nina la kukiri. Chupa inafunguliwa ikiwa chini ya maji, mdomo uelekee mbali na mkono wako, inafungwa hukohuko, inaingia kwenye boksi la barafu na kufika maabara ndani ya saa sita. Hayo nayafanya kwa uangalifu. Lakini miaka kadhaa iliyopita niliwaambia watu wa mwalo mmoja kwamba maji yao hayana shida, kwa sampuli tatu nilizochukua kiangazi, mchana wa jua kali. Mvua zilipoanza nikarudi, asubuhi baada ya mvua ya usiku, na maabara ikaniletea sahani imejaa madoa ya bakteria hadi hayahesabiki. Vyoo vya shimo vya juu ya kilima vilikuwa vimefurika. Ilinibidi nirudi kwenye kikao kilekile kusema nilikosea. Tangu siku hiyo sitoi jibu la "salama" kwa msimu mmoja.

Mita 60 nazo zinanisumbua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wenzangu wengi wanaisoma kana kwamba kamba inajipima yenyewe. Unaanza kupima wapi? Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda, likameza fukwe na kuingia kwenye nyumba. Mtu aliyejenga kihalali akajikuta mita ishirini kutoka majini bila kusogeza tofali. Halafu mita 60 za tambarare lenye matete zinachuja maji vizuri, wakati mita 60 za mteremko uliofyekwa hazichuji kitu, tope linazipita kwa dakika chache. Kamba yangu inayahesabu maeneo hayo mawili kuwa sawa. Naisimamia sheria, maana bila hiyo tungekuwa na majengo hadi majini, lakini nikipewa nafasi ya kuchagua nitachukua mita 30 za matete na miti kuliko 60 za udongo mtupu.

Na wale wanaoniunga mkono kupita kiasi, wakisema dagaa wamepungua kwa sababu ya tope la mashamba, hapana. Dagaa na migebuka ni samaki wa maji ya wazi zaidi. Kule kuna uvuvi uliozidi, ndiyo maana mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, na kuna joto linaloongezeka na kufanya maji ya juu na ya chini yasichanganyike, hivyo rutuba inayokuza chakula chao inabaki chini. Kila sababu inachangia kiasi gani, sithubutu kukugawia kwa asilimia.

Kijana wa pikipiki alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la haki: "Sasa tukaoshee wapi?" Hakukuwa na mahali. Tumekubaliana na mwenyekiti wa mtaa kujenga karo la kuoshea pikipiki upande wa juu wa barabara, lenye vyumba viwili: oili inaelea chumba cha kwanza, maji yanapita kwa bomba la chini kwenda cha pili, halafu kwenye shimo la kokoto. Kiwanja kimepatikana, mchanga umeshamwagwa. Bado tunabishana nani atakuwa anaichota ile oili, na ataipeleka wapi.