Samaki wakali katika tangi moja: uliza kwanza wanagombania nini

Wateja wanaotaka samaki wakali wa maji baridi huniuliza karibu wote swali moja: samaki gani anaweza kukaa na samaki gani bila kuuana? Wengi huja wakiwa wameshaambiwa kwamba inatosha kuchukua samaki wenye ukubwa mmoja na ukali unaolingana, kisha kuwaacha wazoeane. Ushauri huo si wa uongo, ila umewaponza samaki wengi ambao nimewaopoa asubuhi mapezi yakiwa yameraruliwa hadi kwenye nyama. Katika kazi yangu ya kutengeneza na kutunza matangi ya samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam, nimezoea kuanza kwa kuuliza samaki huyu anagombania nini, kwa sababu ukali wa anayelinda jiwe lake la malisho si sawa na ukali wa anayelinda mayai, na wote wawili hawafanani na yule asiye na ugomvi wowote na wenzake ila huwaona kuwa kitoweo.

Nianze na mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao ndio wanaotafutwa zaidi. Hawa huishi kwenye miamba, wakikwangua mwani uliootea juu ya mawe pamoja na vidudu vidogo vilivyomo ndani yake, kwa hiyo kipande cha mwamba kwa dume ni shamba lake na ni mahali pake pa kupatia majike. Akivamiwa hupigana, na ziwani anayeshindwa huogelea mita mbili tatu, hupotea nyuma ya jiwe lingine, na shauri huishia hapo. Tangi lenye urefu wa sentimeta 120 halina hizo mita mbili tatu. Kila aliyeshindwa anakogeukia bado yumo ndani ya mpaka wa mshindi, na mshindi hana namna ya kujua kwamba mwenzake anataka kuondoka ila amezuiwa na kioo. Ndiyo maana mbuna, ambao ziwani hawauani ovyo, huuana majumbani.

Kutokana na hali hiyo, kupunguza samaki hakuleti amani. Ukiweka mbuna wanne katika tangi la lita 300, dume mwenye nguvu atamchagua mnyonge mmoja na kumfukuza kutwa kucha mpaka afe, kisha atahamia kwa anayefuata. Ukiweka ishirini au ishirini na watano, mashambulizi hugawanyika, hakuna anayeandamwa muda mrefu, na hakuna anayeweza kushikilia mpaka mkubwa. Gharama yake ni uchafu. Mbuna huhitaji maji magumu, yaani yenye madini mengi, na yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya takriban 7.8 hadi 8.6, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inayotokana na uchafu wa samaki hubaki katika hali yake ya sumu kuliko katika maji yenye pH ya chini. Kwa hiyo anayejaza tangi ni lazima awe na chujio lenye uwezo mkubwa kuliko ule ulioandikwa kwenye boksi kwa ukubwa wa tangi lake, na abadilishe karibu theluthi moja ya maji kila wiki, akiwa ameondoa klorini kwanza. Awe pia na pampu ya hewa ya betri, kwani umeme ukikatika usiku, tangi lililojaa ndilo huishiwa hewa mapema. Kwa wanaotumia maji laini ya bomba, mawe ya chokaa au makombe yaliyopondwa na kuoshwa vizuri husaidia kuyafanya magumu.

Katika kuchagua aina, rangi na michirizi ina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani, kwa sababu dume humshambulia kwanza yule anayefanana naye. Labidochromis caeruleus, yule wa njano ambaye karibu kila duka linaye, ni mpole kwa kipimo cha mbuna, na mimi humtumia kuwa msingi wa tangi. Juu yake naweza kuongeza Chindongo demasoni wa buluu mwenye michirizi myeusi, samaki wa upande wa Tanzania anayepatikana kwenye miamba ya Pombo, ambaye ukali wake umeelekezwa hasa kwa ndugu zake: wawekwe kumi na wawili au zaidi, la sivyo awekwe mmoja tu. Sitamweka pamoja na mbuna mwingine wa buluu mwenye michirizi, kwa kuwa atamhesabu kuwa mmoja wao. Kwa aina nyingine nyingi, dume mmoja kwa majike watatu au wanne hupunguza adha, maana dume anayekaa na jike mmoja humchosha kwa kumwandama. Na aina zinazokaribiana zikichanganywa huzaana, kisha vifaranga huwa machotara ambao mtu mwaminifu hapaswi kuwauza kwa jina la mzazi yeyote.

Melanochromis auratus ndiye aliyenifunza somo la mpangilio. Akiwa mdogo ni wa njano yenye mistari myeusi na myeupe, na dume akikomaa mwili wake hugeuka kuwa mweusi. Uzuri huo wa utotoni ndio unaowadanganya watu, nami ulinidanganya. Niliweka vijana sita katika tangi jipya, nikawaacha peke yao miezi mitatu, ndipo nikaongeza wale wa njano. Kila jiwe lilikuwa limeshapata mwenyewe, na ndani ya wiki moja wageni wangu wote walikuwa wamekufa. Siku hizi wapole hutangulia na wakali huingia mwisho. Siku ya kuingiza wageni huhamisha mawe yote ili mipaka ya zamani ivurugike, hulisha kidogo, kisha huzima taa. Auratus mwenyewe simpendekezi tena kwa anayeanza, hata majike wake.

Ziwa Tanganyika lina ugomvi wa namna nyingine. Neolamprologus brichardi anavutia mno, mwenye mapezi marefu yaliyochongoka, na kaka na dada wakubwa hubaki kuwasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Tabia hiyo nzuri ndiyo balaa la tangi la mchanganyiko: kila uzao mpya husogeza mpaka wa ukoo mbele, mpaka siku moja wakazi wengine wote unawakuta wamebanwa kwenye kona moja chini ya uso wa maji. Neolamprologus multifasciatus naye hulinda makazi yake, yaani makombe matupu ya konokono, kwa ujasiri wa kuchekesha. Ana sentimeta nne au tano tu, lakini huuparamia mkono wangu ninaposafisha mchanga. Tofauti ni kwamba mpaka wake hauvuki sana eneo la makombe yake. Ni mkali mwenye mkono mfupi, na kwa hiyo anaweza kukaa vizuri na Cyprichromis wanaoogelea katikati na juu, ambako yeye hana shughuli.

Cyphotilapia mwenye nundu, wa ziwa hilo hilo, hana haraka wala purukushani, na mtu humwona mpole mpaka samaki wadogo waanze kupungua bila jeraha wala mzoga. Huwinda kwenye mwanga hafifu, na yeyote anayeenea kinywani mwake ni chakula. Kwake kanuni ya ukubwa ndiyo inayofanya kazi hasa. (Kuhe, samaki mwingine mkubwa wa Ziwa Tanganyika, nimewahi kuombwa na mteja nimtafutie; nilimshauri amfuate Kigoma, kwenye sahani.)

Chakula nacho huwatenganisha wale ambao ukali usingewatenganisha. Tropheus, samaki wengine wa Ziwa Tanganyika wenye utumbo mrefu wa wala mwani, wakishiriki chakula cha nyama cha wawindaji huvimba tumbo na kufa, hata kama hakuna aliyewagusa. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya maji, huwakatalia wanaotaka oska wa Amazon na mbuna katika tangi moja: oska ni wa maji laini, hufikia sentimeta 30 na zaidi, na hula nyama.

Baada ya kuweka samaki huwa narudi jioni ya tatu na kukaa mbele ya kioo nusu saa bila kuwalisha. Ninayemtafuta ni samaki aliyening'inia kwenye kona ya juu, mapezi yamebana, akipumua haraka. Nikimwona, simtoi yeye, kwa kuwa mara nyingi nafasi yake huchukuliwa na mnyonge mwingine. Namtoa anayemtesa, namweka katika tangi la pembeni kwa wiki moja au mbili, nahamisha mawe, kisha namrudisha akiwa mgeni miongoni mwa wenye mji.