Eksepsheni za Python ndani ya GDB: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Juzi dogo mmoja ofisini kwetu Kijitonyama kakaa na GDB, ile programu ya kuchunguza programu nyingine inapokimbia, tangu asubuhi mpaka mama ntilie kaleta wali maharage kaondoka zake, yeye bado kakodoa macho. Ana skripti ya Python ya kumwonyeshea vizuri data za programu ya C++, kwenye laptop yake inakubali, kwenye mashine ya jirani yake inazingua. Kila aliyepita akatupia neno lake na mengi yalikuwa sio, ndo nimeyaokota hapa.

"Zote zina Python 3.12, nimeshacheki."

Alicheki wapi sasa? Kwenye teminali, tena virtualenv (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi mmoja) ikiwa imewashwa. GDB haina habari na virtualenv yako, intapreta yake, yaani kinachoendesha kodi ya Python, ni ile iliyounganishwa nayo siku inakompailiwa. Laptop ya dogo ni Ubuntu 20.04, GDB yake imebeba Python 3.8, ya jirani ni 24.04 na hiyo ndo ina 3.12 kweli. Ukitaka kujua ingia ndani ya GDB yenyewe uiambie iprinti sys.version, usiulize nje.

"Ujumbe wa eror ni ule ule miaka yote."

Hapa ndo palipomuua. Skripti yake inajaribu kutengeneza priti-printa (kile cha kuonyesha data kwa sura nzuri) kwa agumenti moja, ikigoma inasoma maandishi ya TypeError, yakianza na __init__() inajua agumenti zimepungua basi inajaribu na mbili. Aisee. Kuanzia Python 3.10 ujumbe huo unatanguliza jina la klasi, yaani klasi ikiitwa Foo unaona Foo.__init__() missing na kuendelea, kwa hiyo ule ulinganisho wake kwenye 3.12 haupati kitu na eksepsheni, yaani ile taarifa ya kosa inayotupwa kodi ikigoma, inapaa juu. Maandishi ni ya binadamu kusoma, hakuna aliyekuahidi yatabaki vile vile toleo lijalo, wewe shika aina ya eksepsheni. Na kwa kesi ya dogo hata kushika hakukuhitajika, angeweka tu thamani ya awali kwenye ile agumenti ya pili yakaisha.

"Basi weka except tupu, inadaka kila kitu."

Except isiyotaja aina ya eksepsheni inadaka kweli, hadi usichotaka. Mtu akibonyeza Ctrl-C wakati kodi yako ya Python inakimbia GDB inaigeuza kuwa KeyboardInterrupt, except tupu inaimeza, jamaa anabonyeza weee na lupu inaendelea kama haijasikia. Andika except Exception angalau, hiyo KeyboardInterrupt haimo humo. Ila bora zaidi ni gdb.error, eksepsheni ya GDB yenyewe, ambayo imetokana na RuntimeError ili skripti za zamani zisivunjike. Halafu kuna mtego mmoja naupenda, ukisoma anwani mbovu ya memori unapata gdb.MemoryError, na hiyo sio MemoryError ya Python hata kidogo, majina tu yamefanana kama akina Juma wawili wa mtaa mmoja. Ukiandika except MemoryError unamsubiri Juma mwingine.

"Kwa sisi tunaoandika C mambo hayajabadilika, eksepsheni ni eksepsheni."

Hili lilitoka kwa mkubwa kabisa, na ndo refu kuliko yote. Kabla ya 3.12 ukiita PyErr_Fetch, ile fankisheni ya C ya kuchukua eksepsheni iliyotokea kwenye Python, ulikuwa unapewa vitu vitatu mbali mbali: aina, thamani na treisibeki (orodha ya njia kodi iliyopita mpaka kufika kwenye kosa). Ni kama kwenda stendi ya Magufuli kuchukua mzigo uliotumwa kutoka Mwanza ukapewa gunia dirisha hili, risiti dirisha lile, jina la mtumaji dirisha la tatu, kazi ya kuviunganisha ni yako. Na gunia lenyewe linaweza kuwa sio eksepsheni bado, ni stringi tu au hamna kitu, mpaka uite PyErr_NormalizeException ndo inakuwa objekti kamili, na hata hapo treisibeki haijifungi yenyewe kwenye hiyo objekti, unaifunga kwa mkono. Watu walikuwa wanasahau hatua moja halafu wanashangaa kwa nini huku wanapata objekti na kule wanapata stringi.

Toleo 3.12, lililotoka Oktoba 2023, likaleta PyErr_GetRaisedException: mzigo mmoja, umefungwa, kila kitu ndani. Wengine wakaruka kusema basi PyErr_Fetch imefutwa, hapana, bado ipo na inafanya kazi, imetangazwa tu kwamba imepitwa.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kutawanya #if ya toleo (mstari wa C unaochagua kodi kulingana na toleo la Python) kwenye kila faili, huku njia ya zamani kule mpya, miezi miwili mbele hakuna anayekumbuka wapi thamani imeshanomalaizwa na wapi bado. GDB wenyewe wana klasi moja ya C++, gdbpy_err_fetch, tofauti ya matoleo imefichwa humo ndani na kodi nyingine inaiuliza tu aina au ujumbe. Na ukishachukua eksepsheni kwa njia yoyote ujue intapreta imeshaisahau, ama uirudishe ama uishughulikie hapo hapo, ukiipotezea hakuna atakayejua kulikuwa na shida.

"GDB inaficha treisibeki, lazima ikompailiwe upya."

Wala. Ilivyo kawaida inaonyesha ujumbe tu, andika set python print-stack full utaona njia nzima. Na kama kosa ni la mtumiaji, mfano kasahau agumenti ya komandi yako, tupa gdb.GdbError, ataona ujumbe bila treisibeki.

Dogo alivyowasha hiyo full kwenye mashine ya jirani laini yenye ulinganisho wake ikaonekana papo hapo. Wali ulishapoa zamani.