"Hakuzimia, basi hana kitu": uongo ninaousikia kila Jumamosi kwenye futi

Jumamosi iliyopita nimeusikia tena. Kijana wa miaka 16 karuka kudaka mpira, mpinzani kamrukia mgongoni, goti likampata juu ya sikio. Akaanguka, akainuka mwenyewe, akapandisha soksi, halafu akaanza kukimbia kuelekea upande tuliokuwa tunaulinda kana kwamba anaenda kufunga. Nikamwita nje. Baba yake kaegemea uzio na kikombe cha kahawa mkononi, hata sijamfikia mtoto ananipigia kelele: "Dokta, mwache acheze! Hakuzimia huyo!"

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia. Siku za kazi nashinda kliniki huku magharibi ya Melbourne, na Jumamosi nasimama pembeni ya uwanja wa klabu ya mtaani na mkoba wa huduma ya kwanza. Wazazi wa kwetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wananiita dokta na kukataa nimechoka. Watoto wao wamelipenda futi, ule mpira wa Australia wa yai unaochezwa kwenye uwanja wa duara ndefu, watu 18 kila upande, na wazazi wanakuja kuutazama kwa macho ya soka. Sina neno na hilo. Neno langu ni juu ya kichwa.

"Hakuzimia, basi hana kitu"

Ubongo hauhitaji kuzima ndipo uumie. Umekaa ndani ya fuvu umezungukwa na maji. Kichwa kikisimamishwa ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, fuvu linasimama, ubongo unaendelea na safari. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu hata sekunde moja. Wanainuka, wanapangusa nyasi, wanasema "niko poa". Ukitaka kuujua mtikisiko, tazama macho yanayoangalia mbali pasipo na kitu, miguu ya mtu aliyetoka kilabuni, swali moja linaloulizwa mara tatu, kichefuchefu, mwanga unaomchoma, hasira ambazo si zake. Na mtoto asiyejua timu yake inashambulia wapi, huyo hata sihitaji kumpima.

Nilimpima hata hivyo, ili baba aone. Maswali yenyewe ni mepesi: Leo tuko uwanja gani? Hii robo ya ngapi? Nani kafunga mara ya mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Maswali haya yanatumika sasa kwenye michezo mingi duniani, lakini yalijaribiwa kwanza kwa wachezaji wa futi, miaka ya 1990. Uwanja akautaja. Robo akaipata. Tulipofika kwenye "wiki iliyopita tulicheza na nani" akainama, akawa anatazama viatu vyake kama jibu limeandikwa pale. Baba kwenye uzio: "Hata mimi sikumbuki!"

Mzee, wewe hukupigwa goti la sikio. Na wewe huchezi.

Jambo jingine ambalo watu hawalielewi: kuyajibu yote matano si ruhusa ya kurudi. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, zikaja usiku au kesho yake. Maswali yananisaidia kumtoa mtu. Hayanisaidii kumrudisha. Aliyepata pigo la kichwa na nikamtilia shaka, kwangu mechi imekwisha, hata kama ni fainali na shangazi kapanda ndege kuja kuiona.

Hapo ndipo mzazi anapochomoa hoja yake ya mwisho: mbona wale wa kwenye TV wanarudi? Sawa, tuwaangalie hao wa kwenye TV. Aliir Aliir wengi wenu mnamfahamu, maana alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, na mwaka 2021 akaingia kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Julai 2023, kwenye mechi ya watani wa jadi wa Adelaide, aligongana kichwa na mwenzake wa klabu yake, Port Adelaide. Akarudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili kinachotakiwa. Baadaye ikathibitika alikuwa na mtikisiko. Klabu ilipigwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikisitishwa kwa masharti. Hiyo ni klabu yenye madaktari wa kulipwa na video ya kurudia tukio, na bado walikosea. Mimi nina mkoba na filimbi.

Halafu zile siku. Kwenye ligi kuu, AFL, aliyepata mtikisiko hawezi kucheza kabla ya siku ya 12. Kwenye klabu za mitaani, tangu 2024, ni siku 21 kwa uchache, na hata mazoezi ya kugusana haruhusiwi mpaka akae siku 14 mfululizo bila dalili yoyote. Kila mwezi kuna mzazi ananiambia tunawaonea watoto wa mtaani. Hamna kuonewa. Mchezaji wa AFL anaonwa na daktari karibu kila siku, anapimwa kumbukumbu, mizani, macho, na majibu yanalinganishwa na yale ya kabla ya msimu. Mwanao anaonwa na nani Jumanne? Tena ubongo wa kijana unapona polepole kuliko wa mtu mzima. Piga hesabu mwenyewe: kagongwa Jumamosi, anakosa Jumamosi mbili, ya tatu anaweza kucheza akiwa mzima kabisa. Mechi mbili! Mtu ananununia mwezi mzima kwa mechi mbili.

Na pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ndilo ninaloliogopa kuliko lolote, hasa kwa vijana. Ni nadra, lakini ubongo unaweza kuvimba kwa kasi ukamuua mtoto. Hili nalisema taratibu, kliniki, mlango umefungwa, na bado kuna anayeniambia "Inshallah haitatokea".

Haya ya miaka mingi mbele nayo yapo. Graham Farmer, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huu, alifariki 2019, na ubongo wake ulipochunguzwa ukakutwa na CTE, ule ugonjwa unaohusishwa na mapigo ya kichwa yaliyojirudia. Alikuwa wa kwanza kwenye futi. Wakafuata Danny Frawley na Shane Tuck. Mwaka 2023 ukathibitishwa kwa Heather Anderson, aliyefariki akiwa na miaka 28, mwanamke wa kwanza duniani miongoni mwa wanamichezo wa kulipwa. CTE haithibitiki mtu akiwa hai, kwa hiyo msinijie kliniki na kijana aliyegongwa mara moja mkiniuliza kama anayo. Mtikisiko mmoja uliotunzwa vizuri si hukumu. Ninachogombana nacho ni ule wa pili na wa tatu uliofichwa, kwa sababu eti wa kwanza "hakuzimia".

"Nimemnunulia kofia"

Asante, itamsaidia asichanike. Kofia laini za futi zinapunguza michubuko na mikwaruzo ya masikio. Mtikisiko hazizuii, kwa sababu haziwezi kuuzuia ubongo kutembea ndani ya fuvu. Angus Brayshaw, mchezaji wa klabu ya Melbourne, alijulikana sana kwa kofia yake, na Februari 2024 akastaafu akiwa na miaka 28 kwa ajili ya mitikisiko. Ubaya wa kofia ni kwamba mtoto akiivaa anajiona kifaru. Pesa hiyo kanunue kinga ya meno, ile inayotengenezwa kwa vipimo vya kinywa chake. Nayo haizuii mtikisiko, lakini meno ya huku ni ghali mno.

"Walimpiga picha hospitali, hamna kitu"

Picha ya CT inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko hauonekani humo. Picha safi maana yake havujiwi damu, na siku 21 ziko pale pale.

Na lile la kumkesha mtoto asilale, mama wa watu akimmwagia maji usoni usiku kucha? Akishaonwa na daktari na kuruhusiwa, mwache alale, usingizi ni dawa. Wa kukimbiza hospitali ni anayetapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, anayeamshwa kwa shida, anayetetemeka degedege, au mboni za macho zisizolingana. Hapo piga 000, namba ya dharura ya huku, usinipigie mimi.

"Refa anaua mchezo"

Nilikuwa sitaki kuliingia hili, ila kila anayetukana refa uwanjani mwetu anamtukana kijana wa shule anayetafuta hela ya nauli, kwa hiyo ngoja tuseme.

Kelele kubwa kuliko zote ni ile ya "Mpiraaa!", uwanja mzima, iwe MCG, ule uwanja mkubwa wa Melbourne, ama kichochoroni. Mtu kakabwa na mpira mkononi, mashabiki wanataka adhabu papo hapo. Lakini sheria haisemi aliyekabwa na mpira kakosa. Mwamuzi anajiuliza kwanza: kabla hajakabwa, alikuwa na nafasi ya kuutoa? Kama alikuwa nayo, ni lazima autoe mara moja kwa njia halali, mguu au ngumi, asirushe. Kama hakuwa nayo, anatakiwa ajaribu kweli tu. Mpira ukibanwa chini, unarushwa juu, mchezo unaendelea. Jibu lote liko kwenye nusu sekunde kabla ya kukabwa, na wewe nusu sekunde hiyo ulikuwa unamtazama anayekuja kukaba. AFL tangu 2023 wana waamuzi wanne wa ndani ya uwanja. Sisi Jumamosi tunashukuru tukipata wawili.

Kinachoniudhi kama mtu wa majeraha ni hili la kuita kila sheria mpya "kudekeza". Mwaka 2012 Gary Rohan wa Sydney alivunjwa mguu na mchezaji aliyeteleza chini akiufuata mpira. Msimu uliofuata, kumgonga mtu kwa nguvu chini ya goti kukawa faulo. Mpaka leo nasikia "lakini aliufikia mpira kwanza!" Aliufikia, ndiyo, kwa kupitia mfupa wa mwenzake. Kabla ya hapo, 2005, walichora duara la mita 10 katikati ya uwanja ili wale warefu wanaogombea mpira wa kuanzia wasije mbio kutoka mbali wakagonganisha magoti hewani, maana ligamenti ya nyuma ya goti ilikuwa inakatika hapo. Majeraha hayo yakapungua. Mashabiki walilalamika miaka yote miwili, na nina hakika ni wale wale.

Kumwinamia mkabaji ili mkono wake ukupande shingoni, upate faulo? Tangu 2022 waamuzi wameambiwa wasikupe. Vizuri sana. Nilikuwa nikiona watoto wa miaka 13 wanaingiza vichwa vyao kwenye viwiko vya watu kwa makusudi.

"Hakuguswa na mtu, goti litakuwa limeteguka kidogo tu"

Kinyume chake. Ligamenti ya mbele ya goti, ile inayomweka mtu nje mwaka mzima, mara nyingi hukatika bila kuguswa: kutua kwa mguu mmoja, kugeuka ghafla, goti likalalia ndani. Mchezaji atakwambia alisikia mlio kama kijiti kinavunjwa, goti likavimba ndani ya saa chache. Wasichana wanapata zaidi. Ligi ya wanawake, AFLW, imeonesha hivyo tangu ilipoanza 2017. Binti yako anacheza? Uliza klabu kama wanafanya mazoezi ya kutua na kugeuka kabla ya mechi. Wakikwambia wanakimbia mzunguko mmoja tu na kunyoosha, badilisha klabu.

"Paja limekaza, mama alimchua"

Hili ni letu kabisa, nalisema kwa upendo. Paja lililopigwa goti linavuja damu ndani ya msuli. Ukilichua siku hiyo hiyo kwa mafuta ya moto unaongeza kuvuja, na mara nyingine damu ile inageuka mfupa ndani ya nyama. Nimemwona kijana mwenye kitu kigumu kama kokwa la embe ndani ya paja, miezi mitatu hakunji goti vizuri. Ya kufanya: barafu, kitambaa cha kubana, na goti likunjwe kadiri linavyokubali huku barafu ikiwa juu. Siku tatu za kwanza hakuna kuchua, hakuna joto, hakuna pombe. Baada ya hapo mlete kwangu, na mama aje na chupa yake ya dawa tuzungumze.