Je, wajua kwa nini mti mmoja hukipa sifa kiwanja cha gofu ya visahani, na mwingine hukiharibu?

"Yaya, ule mutu alitupa muzuri, sasa muti inamukatalia juu ya nini?"

Mdogo wangu aliniuliza hivyo hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, tulipokuwa tukitazama kwenye simu mashindano ya gofu ya visahani yaliyochezwa katikati ya msitu. Mchezaji alikuwa amerusha kisahani kikaenda kimenyooka, kikagonga shina na kupotelea vichakani. Aliyemfuata alirusha hovyo, chake kikagonga tawi na kurudi katikati ya njia. Mtoto aliona dhuluma, na mimi naona alikuwa amekigusa kipimo kikuu cha viwanja vya aina hii. Mti unatakiwa umwadhibu aliyekosea na kumpisha aliyepatia. Ukishindwa kuwatofautisha wawili hao, kiwanja kina kasoro, hata mandhari yake yawe ya kupendeza namna gani.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe unafuata mtindo wa gofu, ila badala ya mpira na fimbo una kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma chenye minyororo juu yake. Anayefikisha kisahani kikapuni kwa mirusho michache zaidi ndiye mshindi. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilibuniwa mwaka 1975 huko Oak Grove, California, na Ed Headrick, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Wham-O, watengenezaji wa Frisbee, kile kisahani cha kuchezea. Mwaka 1976 akaanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, na mwaka 1977 akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kikapu cha minyororo. Viwanja vingi huwa na vikapu 9 au 18. Kisahani cha mchezo huu ni kidogo kuliko kile cha kuchezea ufukweni: kipenyo chake ni sentimita 21 hivi, ukingo wake ni mkali zaidi, na vingi vina uzito wa kati ya gramu 150 na 180.

Gofu ya kawaida hutaka majani yaliyopandwa na maji mengi ya kuyamwagilia. Hii inaridhika na msitu kama ulivyo, na ndiyo maana Finland, nchi ya misitu, ina mamia ya viwanja. Sisi wa Lubumbashi tumezungukwa na miombo. Msitu huo unazidi kupungua, magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, yakiingia mjini kila siku kwa baiskeli na malori, na mimi nauthamini kila mchezo unaohitaji miti ibaki imesimama. Lakini miombo ina tabia zake, na mtu akitaka kukipima kiwanja ndani yake inabidi azijue.

Tuanze na mahali mti uliposimama. Chukua uwazi wa mita 4 kati ya mashina mawili. Uwazi huo ukiwa mita 10 kutoka pale unaporushia, unaweza kukosea kwa nyuzi 11 kushoto au kulia na bado ukapita. Uweke uwazi huohuo umbali wa mita 50, na nafasi yako ya kukosea inashuka hadi nyuzi 2 na kidogo kila upande. Upana ni uleule, ila sasa unadai mkono wa bingwa. Tena mti wa karibu na mrushaji una uadilifu fulani: kila mchezaji anaukabili kutoka sehemu ileile, anauona, anachagua kuupita kushoto, kulia au juu. Mti wa peke yake uliosimama mita 70 mbele, katikati ya mahali visahani vinapotua, humpata yeyote. Hakuna anayeweza kulenga kwa usahihi wa kuukwepa kutoka mbali hivyo, kwa hiyo anayegonga na anayepita huwa wamerusha sawasawa. Kwangu miti ya namna hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya kuandika kwenye daftari.

Unene wa shina nao hudanganya macho. Shina la sentimita 30 halizuii sentimita 30 tu, kwa sababu kisahani chenyewe kina upana wake. Kila upande wa shina ongeza nusu ya kisahani, sentimita 10 na nusu, na shina hilo linakuwa ukuta wa sentimita 51. Sasa fikiria fito 5 zenye unene wa sentimita 6 kila moja, zimesimama mbalimbali. Kila ufito unazuia sentimita 27, na zote kwa pamoja zinazuia sentimita 135. Kwa kuni, shina lile moja ni mara 5 ya fito hizo zote. Kwa kuzuia visahani, fito zinalishinda shina kwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Hesabu hiyo inatuhusu sisi hasa. Ukikata mutondo au muputu, miti ya miombo ya kwetu, kisiki hakifi. Mvua zikija kinatoa machipukizi mengi, na ndivyo miombo inavyojirudishia uhai wake baada ya shoka na moto. Kwa msitu ni baraka. Kwa kiwanja, maana yake ni kwamba eneo lililokatwa kwa ajili ya makala miaka michache iliyopita linaonekana changa na jepesi, kumbe limejaa fito, nazo ni ngumu kupitika kuliko msitu wa zamani wenye mashina manene yaliyoachana. Mgeni akipita kwa miguu anasema hapa pana nafasi. Akirusha visahani vichache tu anajua ukweli.

Wengine hudhani msitu ukiachwa bila kukatwa njia unakuwa na changamoto zaidi, na kwa hiyo ni bora zaidi. Nimejaribu kulipiga hesabu. Tuseme miti ya sentimita 30 imetawanyika ovyo, 100 kwa hekta. Ukirusha kisahani kimenyooka kwa mita 80, chini ya matawi, bila kuchagua njia, una uwezekano wa theluthi mbili hivi wa kufika bila kugonga shina. Miti ikiwa 400 kwa hekta, utafika mara 1 kati ya 5. Hapo bingwa na mwanafunzi wanabaki na silaha moja, bahati. Kwa hiyo kiwanja kizuri cha msituni lazima kiwe na njia iliyofikiriwa, inayoonekana kutoka pa kurushia, hata kama ni nyembamba. Nikisimama hapo nisione wapi aliyekibuni kiwanja alitaka kisahani kipite, nashuku kwamba hata yeye hakujua.

Njia ikishaonekana, tazama inapinda wapi. Kisahani kinachorushwa na mtu wa mkono wa kulia, mkono ukianzia upande wa kushoto na kupita mbele ya kifua, huzunguka kama mishale ya saa ukikitazama kutoka juu, na kinapoishiwa kasi hulalia kushoto. Akirusha kwa ubavu, kiganja kikielekea mbele, hulalia kulia. Kwa wa mkono wa kushoto mambo yanageuka. Kiwanja chenye njia nyingi zinazopinda kushoto kimeshawapendelea wengi wanaorusha kwa namna ile ya kwanza kabla mchezo haujaanza. Mimi huhesabu: ngapi zinapinda kushoto, ngapi kulia, ngapi zimenyooka, ngapi zinapanda na ngapi zinashuka. Mizani ikilalia upande mmoja sana, ni udhaifu, hata kila njia peke yake iwe nzuri.

Tena urefu wa njia usinakiliwe kutoka nchi za pwani. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, inakibeba kisahani kwa nguvu pungufu, na kile ambacho chini kule kingeendelea kuelea, huku huanza kulala mapema. Kona iliyopimwa Helsinki, pwani ya Finland, inaweza kukufikisha kwenye shina hapa kwetu.

Njia nzuri ya kuthibitisha haya yote ni kumpa mchezaji mwenye mkono wa kuaminika visahani kadhaa, arushe njia ileile kwa namna ileile, kisha kuchomeka kijiti kila kinapotua. Vijiti vikikusanyika, njia ina haki. Vikitapakaa huku mkono haukubadilika, miti ndiyo inayocheza. Baada ya mashindano tazama pia alama. Kikapu ambacho karibu kila mtu amekimaliza kwa mirusho 3 hakimpimi yeyote. Kikapu ambacho wazuri wamepata 2 na 3, wa kati 3 na 4, wanaoanza 5, kinafanya kazi yake. Kikapu ambacho alama zimetawanyika bila kufuata uwezo wa wachezaji ni kile alicholalamikia mdogo wangu.

Adhabu nayo ina kipimo. Mtu aliyekosea njia anapaswa kupoteza mrusho mmoja, kisha apate nafasi ya kurudi kwa akili: uwazi mdogo wa kurushia chini chini, au pembe ya kupitisha kisahani kwa mkunjo. Hapo ndipo msitu unapokuwa mtamu kuliko uwanja wa wazi, kwa sababu mrusho wa kujiokoa ni ufundi wa pekee. Kichaka kikiwa kizito hadi mtu hawezi hata kunyanyua mkono, ufundi umezimwa. Kanuni zinatoa dakika 3 za kukitafuta kisahani, zikiisha kinahesabiwa kimepotea na unaongezewa mrusho mmoja. Huruhusiwi kuvunja tawi ili ujipatie nafasi. Mahali ambapo visahani vinapotea hata baada ya mirusho iliyokosea kidogo tu, wanaoanza hawatarudi, maana kisahani ni pesa.

Na hapa kwetu kiwanja kimoja ni viwanja viwili. Mwezi wa 8 majani yamekauka au yameungua, unaona hadi kikapuni, kisahani chekundu kinaonekana kwenye majivu kutoka mbali. Mwezi wa 9 na wa 10, kabla mvua haijashika, miombo inatoa majani mapya mekundu, na matawi yaliyokuwa mepesi yanafunga dari. Ukija mwezi wa 2, mvua zikiwa zimekolea, nyasi za porini zinaweza kumfunika mtu na nyoka haonekani. Aliyekisifu kiwanja mwezi wa 8 amekitazama nusu. Ningependa kila tathmini iseme ilifanyika mwezi gani.

Tuna pia hazina ambayo Finland hawanayo: vichuguu. Vichuguu vikubwa vya kwetu Katanga huweza kufika mita 5 kwenda juu na mita 15 hivi kwa upana wa kitako. Kikapu kikiwekwa mgongoni mwa kichuguu, mrusho mfupi wa mwisho unakuwa na woga ndani yake, kwa sababu kisahani kikipita kikapu kinateremka upande wa pili na kuondoka kabisa. Mbuni akivitumia viwili au vitatu, kiwanja kinapata sura ambayo huipati kwingine. Akiviweka kila mahali, mchezo unageuka kuwa wa kuviringika.

Usalama naupima kwa ukali, na sitakipa kiwanja alama nzuri kikishindwa hapo. Kisahani cha gramu 170 kikitoka mkononi kwa kilomita 80 kwa saa kinaumiza vibaya. Msituni mrushaji haoni aliye nyuma ya kona. Katika miombo yetu wakati wa mvua kuna akina mama wanaookota uyoga, watoto wanaokata njia kwenda shule, watu wa baiskeli za makala. Hao walikuwepo kabla ya vikapu. Njia ya kurushia inayokatiza njia yao ya miguu ni kosa la mbuni, na kibao cha onyo hakilifuti. Hivyo hivyo njia mbili zinazokaribiana hadi kisahani cha huku kuangukia kwa wa kule.

Mwisho nainama kutazama ardhi. Kuzunguka kikapu watu wanakanyaga palepale kila siku, udongo wetu mwekundu unashikana, majani hayaoti, na mvua ya Januari inauchukua hadi mizizi inabaki nje. Kiwanja chenye sehemu mbili za kusimika kila kikapu, zinazobadilishwa ili udongo upumzike, kina uongozi unaojali. Tazama pia magome ya miti iliyo karibu na pa kurushia: yakiwa yamechubuka hadi mti mweupe unaonekana, mti huo hautadumu, na siku ukianguka njia yote inabadilika. Miti kama hiyo huwekewa nguzo mbele yake ipigwe badala yake. Halafu kuna visiki vilivyobaki njia ilipokatwa. Hivyo vitachipua, na bila panga kila mwaka njia itajaa fito zile za sentimita 6. Kwa hiyo nikimpata mwenye kiwanja, kabla sijaandika alama, namuuliza ni nani anayekata machipukizi, na mara ya mwisho aliyakata lini.