Usimwage ndoo nzima: dhana potofu za wavuvi wa kapi

Kila kiangazi nasikia maneno yaleyale kutoka kwa wavuvi wa ndoana wanaotoka Uingereza kwenda kuvua kapi, samaki wa maji baridi, Ufaransa: "Samaki wa huko ni wengi na wakubwa, kwa hiyo usiku wa kwanza tumwage chambo chote." Wamelipia ziwa kwa wiki nzima, gari limejaa magunia ya peleti (vidonge vya chakula cha samaki) na mahindi, na kabla hata mahema hayajasimama, kilo kadhaa zimeshazama. Katikati ya wiki wananiuliza mbona king'ora cha mshipi, kinacholia samaki akivuta, hakijalia.

Hakilii kwa sababu samaki wameshiba, na chambo chako kwenye ndoana ni punje moja kati ya maelfu. Kapi hana tumbo la kuhifadhia mlo. Chakula kikishasagwa na meno yaliyo kooni, hupita moja kwa moja kwenye utumbo. Kwa hiyo hula kidogokidogo, akifyonza na kutema huku akihama toka sehemu moja hadi nyingine. Hamu yake pia hutawaliwa na joto la maji. Mzigo wa chambo utakaoisha kwa usiku mmoja mwezi Agosti, maji yakiwa na joto, mwezi Machi, yakiwa bado baridi, utalala chini hadi uoze. Chambo kinachooza hutumia oksijeni ya maji palepale ulipotaka samaki waje.

Kuna jambo lingine ambalo karibu hakuna anayelifikiria. Maziwa mengi ya kukodi hupokea wageni wapya kila Jumamosi, na wale waliotangulia, kwa kutotaka kurudi na mabaki nyumbani, mara nyingi huyamwaga majini asubuhi ya kuondoka. Wewe unafika mchana na kuongeza rundo juu ya rundo. Muulize mtunza ziwa waliokutangulia walitumia nini, walivua upande gani na samaki walionekana wapi mara ya mwisho. Maswali hayo yana faida kuliko gunia lolote.

Ushauri wangu hauwapendezi wengi: saa za kwanza usitupe kitu. Zunguka ziwa. Tafuta mapovu, maji yaliyotibuliwa tope, mgongo unaochomoza, upande ambao upepo wenye joto unapiga. Ukiwapata, tupa kiganja kimoja au viwili kwa kila ufito wa kuvulia, kisha ongeza kidogo kila unapopata samaki. Chambo unaweza kukiongeza saa yoyote, lakini ukishakimwaga hukitoi tena. Ni kweli wapo wanaomwaga ndoo nzima na kufanikiwa, ila hao wameshapata kundi kubwa la samaki, maji yana joto, na wanaona jinsi chambo kinavyoliwa. Wanaowaiga huiga ndoo tu.

Na kama unatumia mahindi makavu, yaloweke siku nzima kisha uyachemshe hadi yalainike. Punje kavu huvimba ndani ya samaki na kumdhuru. Hili sikubali mjadala.

Ziko dhana nyingine potofu. "Kapi ni mgumu, hafi ovyo." Anavumilia maji yenye oksijeni kidogo, ndiyo, lakini akiwa majini. Juu ya changarawe, uzito wake mwenyewe unamwumiza, na ute unaomkinga ngozi unatoka. Lowesha godoro la kumlazia, andaa kamera kabla hujamtoa kwenye wavu, piga magoti, mshike chini chini, kisha mrudishe majini.

"Wakubwa wako katikati ya ziwa." Kapi hula sana karibu na ukingo, kwenye matete na chini ya matawi, pakiwa na utulivu. Kinachowafukuza huko ni vishindo vyako.

"Wakati wa baridi vua kwenye kina kirefu." Si lazima. Kwenye ziwa lisilo na kina, pembe inayopigwa jua inaweza kupata joto kabla ya sehemu nyingine zote.

"Wavu wangu ni msafi, nimeusuuza." Virusi vya hepesi ya koi (koi ni kapi wa mapambo), vilivyoanza kugundulika baada ya vifo vya samaki mwaka 1998, humdhuru kapi zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28. Binadamu haviwadhuru, ila wavu au godoro bichi linaweza kuvibeba toka ziwa hadi ziwa. Ukirudi kutoka safarini, osha, kisha kausha kabisa, hata mishono. Ndiyo maana maziwa mengi hukulazimisha kutumia nyavu zao.

Mwisho, "nimelipia ziwa, leseni ya nini?" England na Wales, kuanzia umri wa miaka 13 unahitaji leseni ya ufito hata kwenye ziwa binafsi, na ada ya ziwa ni malipo mengine. Ufaransa, kwenye maji ya umma unahitaji kadi ya uvuvi, na muda unaoruhusiwa kwa kawaida huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Kapi huvuliwa usiku kwenye sehemu zilizoteuliwa tu. Mvuvi wa kujifurahisha haruhusiwi kusafirisha kapi hai anayezidi sentimita 60, hata kama anampeleka bwawa la jirani.