Mikoriza si jina la kuvu

Juzi nilikuwa kwenye kitalu cha miche huko Mufindi. Kijana mmoja alichana kiriba, kile kifuko cha kuoteshea mche, akaukung'uta udongo na kunionesha mizizi ya paini. Vijizizi vya pembeni vilikuwa vifupi, vimevimba na kugawanyika panda ncha zake, vimevikwa utando mweupe unaonukia uyoga. "Mzee, huu una fangasi, niutupe?" Mwenzake akamkatiza: "Usitupe, hiyo ni mikoriza imekaa juu ya mzizi."

Huyu wa pili aliuokoa mche, ila neno alilitumia vibaya, na ndivyo linavyotumika karibu kila ninakopita, kuanzia mashambani hadi madukani Mbeya.

Mikoriza ni ushirika wa mzizi na kuvu ya udongoni. Kuvu hutandaza nyuzi nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, ikaleta maji na madini, hasa fosforasi. Mmea huilipa sukari. Mahindi, maharage, kahawa na chai vyote vina ushirika huo. Kabichi haina.

Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1885 na Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani. Alikuwa ametakiwa kutafuta namna ya kuotesha uyoga wa thamani unaokua chini ya ardhi. Alipochimba mizizi ya miti aliikuta imevikwa kuvu, na miti yenyewe ina afya. Akachukua maneno mawili ya Kigiriki, *mykes*, yaani uyoga, na *rhiza*, yaani mzizi, akayaunga. Kuvu peke yake ilikuwa na jina tayari, na mzizi vilevile. Alichokitafutia jina ni kile kiungo kinachopatikana viwili hivyo vikishikana. Ndoa si jina la mume, wala si jina la mke.

Sisi Waswahili tusingepaswa kuhangaika hapa, maana tuna kiambishi -ana, cha kutendeana. Kupe humtegemea ng'ombe, lakini ng'ombe hamtegemei kupe. Kimelea nacho kinajieleza: kimemelea juu ya mwenzake. Mzizi na kuvu hii vinategemeana, kwa hiyo hata hilo "imekaa juu ya" linapotosha. Wazee wa vitalu walilijua jambo hili bila Kigiriki: huchota udongo chini ya paini kubwa na kuuchanganya kwenye viriba, kwani paini ni mgeni nchini na kuvu yake haipatikani kila shamba.

Kwa hiyo, kijana wangu, sema "mche huu una mikoriza", na nyuzi hizo nyeupe ziite kuvu ya mikoriza. Na ule mfuko wa dukani ulioandikwa "mikoriza" kwa kawaida una mbegu za kuvu, yaani spora. Mikoriza yenyewe itapatikana shambani, siku mbegu hizo zitakapoota na kukutana na mzizi ulio hai.